Kabla Nzohe Hajainua Kichwa

Mgeni anayeshuka melini Bukoba na kuuliza wanyamapori wako wapi, mara nyingi huambiwa arudi Mwanza, atafute gari, aende Serengeti. Jibu hilo limezoeleka, nami naona linaunyima mkoa wa Kagera haki yake. Wanyama wapo. Muleba inapakana na Burigi-Chato, hifadhi ya taifa iliyozaliwa mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipounganishwa, kilomita za mraba 4,707. Kusini zaidi, jirani tu na mkoa, ndani ya Ziwa Victoria, kipo kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977. Na ukivuka Kyaka kuelekea mpaka wa Uganda unaufikia msitu wa Minziro, wenye ndege wa misitu ya Kongo ambao kwingine Tanzania huwapati. Ila wanyama wa huku hawajianiki uwandani kama nyumbu. Wako ndani ya mafunjo, nyuma ya majani, chini ya maji. Kwa sababu hiyo kuwatazama ni ufundi, sawa na useremala au uhunzi, unaofunzwa mkono kwa mkono na kuchukua miaka. Na sehemu ambayo mnyama hapatikani bila ufundi ndiyo inayostahili kuitwa shule ya ufundi huo.

Mchukue nzohe. Swala huyu anaishi kwenye vinamasi, na kwato zake ni ndefu, zinatanuka, ili zisizame anapokanyaga mafunjo yaliyolala. Akishtuka hakimbii mbali. Hujitosa majini na kubaki humo, pua tu ikiwa juu, mpaka hatari ipite. Mtu mwenye darubini ya bei kubwa anaweza kukitazama kinamasi chake asubuhi nzima akasema hakuna kitu. Fundi huanza kwingine kabisa. Anajua kwamba nzohe hupita njia zilezile kila siku, kwa hiyo hutafuta vichochoro ndani ya matete na kuangalia kama majani yaliyovunjika bado yana utomvu. Hupima upepo unakotoka kabla ya kuchagua pa kukaa. Huja alfajiri, kwa kuwa jua likipanda mnyama atakuwa amelala kivulini. Kisha hukaa kimya. Waswahili husema macho hayana pazia, lakini mbele ya mafunjo mtu hugundua kwamba pazia lipo, nalo ni haraka yake mwenyewe.

Rubondo inatoa ushahidi mzito zaidi. Kati ya 1966 na 1969, mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek na Shirika la Zoolojia la Frankfurt walileta kisiwani sokwe 17 waliokuwa wamefungiwa Ulaya, wakawaachia msituni. Hapakuwa na sokwe wenyeji wa kuwafundisha tunda lipi linaliwa. Wakajifunza, wakazaana, na wajukuu wao leo wanamkwepa binadamu kama sokwe yeyote wa porini. Utawahesabuje viumbe wasiotaka kuonekana? Kwa vitanda vyao. Kila sokwe aliyeacha kunyonya hutengeneza kiota kipya juu ya mti kila jioni, kwa kukunja matawi. Mfuatiliaji mahiri husimama chini yake na kusoma: majani mabichi, wamelala jana; yamenyauka na kuwa kahawia, wameondoka siku nyingi; mavi yenye mbegu hapo chini, basi tafuta mti unaozaa tunda hilo. Anafika kwa sokwe kwa kufikiri kabla hajafika kwa miguu. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba mtu aliyetembea kutwa Rubondo akaona viota vitatu na kusikia mlio mmoja wa mbali amerudi mikono mitupu.

Yupo atakayesema huu ni ufundi wa wageni, na kwamba mkulima wa kibanja hana muda wa kumtazama ngedere anayemmalizia ndizi. Hasara ya mkulima huyo ni ya kweli na haipaswi kufunikwa kwa maneno matamu. Lakini nani anamjua ngedere kuliko yeye? Anajua saa anayokuja, upande anaotokea, na kwamba mmoja hutangulia juu ya mti kuchungulia. Wahaya, tena, kila ukoo una muziro wake, yaani mwiko wake, na ukoo wa Wahinda muziro wao ni nkende, tumbili. Jamii iliyojifunga kwa wanyama namna hiyo si ngeni kwa kuwatambua. Gombe, kule Kigoma, ilithibitisha jambo hili mbele ya dunia. Mei 1975 waasi kutoka Zaire waliwateka wanafunzi wanne wa kigeni, watafiti wa nje wakaondoka, na watu wengi wangetarajia kazi ya kuwachunguza sokwe aliyoianza Jane Goodall mwaka 1960 ife. Haikufa. Wafuatiliaji wa Kitanzania, wengi wao watu wa vijiji vya jirani, waliendelea kuwafuata sokwe siku baada ya siku na kuandika walichokiona.

Pingamizi gumu zaidi ni kwamba jangili naye anasoma nyayo. Ni kweli, na Kagera inalijua hilo kwa uchungu. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi, na kambi za wakimbizi zilipojaa watu wenye njaa, wanyama wa Burigi na Kimisi waliwindwa kwa ajili ya nyama mpaka pori likawa kimya. Ujuzi uleule ulioua ndio uliohitajika baadaye kulinda: kutambua alama ya kiatu pasipotakiwa kiatu, waya wa mtego uliofichwa kwenye kichochoro cha nzohe, majivu ambayo bado yana joto. Kamera za kufungwa mitini husaidia, sikatai. Huonyesha kwamba mnyama alipita. Mwenye kujua kwa nini alipita hapo, na kwa nini wiki hii hapiti, bado ni mtu.

Kwa hiyo nikisikia Burigi-Chato ikizungumzwa kwa idadi ya hoteli na urefu wa barabara tu, naona tunaanzia mkiani. Barabara zinahitajika. Lakini kijana wa Muleba aliyefundishwa miaka mitatu kusoma matope, mavi na ukimya wa ndege ataipa hifadhi kitu ambacho Serengeti, pamoja na magari yake yanayozingira simba mmoja, haiwezi kuiuzia dunia. Atamkalisha mgeni ukingoni mwa kinamasi kabla hakujapambazuka, atamwomba asiseme neno, na hatamwonyesha chochote kwa saa nzima. Kisha bua moja la mafunjo litatikisika mahali ambapo upepo haufiki.