Nani Kamteka Nani? Mchoro wa Kolo na msanii tusiyemjua jina

Tukisimuliana habari za wasanii, huwa tunaanza na maisha yao. Van Gogh tunamkumbuka kwa sikio alilojikata. Edward Saidi Tingatinga tunamkumbuka kwa rangi za kupakia baiskeli, kisha risasi ya polisi iliyomuua Dar es Salaam mwaka 1972. Maisha ya mtu hutusaidia kuiona kazi yake. Sasa jiulize: ukikutana na mchoro maarufu ambao mchoraji wake hana jina, hana kaburi wala mwaka wa kuzaliwa, utaanzia wapi?

Mchoro wenyewe hauko mbali nawe. Ukiwa Getanuwas, shika njia ya Katesh, endelea hadi Babati, kisha geuka kusini uifuate barabara ya Dodoma. Kabla hujafika Kondoa mjini utapita Kolo. Vilima vya pale vimo ndani ya eneo la kilomita za mraba 2,336 ambalo UNESCO iliingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, kwa sababu ya michoro iliyo kwenye kuta za mapango na miamba.

Mmoja kati ya michoro hiyo unaonyesha watu watano. Wamechorwa kwa mistari myembamba ya rangi nyekundu, miili yao mirefu kupita kawaida. Wa katikati anaonekana ni mwanamke. Ameshikwa mikono huku na huku, wawili kila upande, na wawili kati ya hao wana vichwa vya ajabu, kama wamevaa vinyago. Vitabuni unaitwa mchoro wa utekaji: wenye vinyago wanamvuta mwanamke, wenzake wanamng'ang'ania asiende.

Ukishaambiwa hivyo, huwezi tena kuona kitu kingine. Hebu jaribu! Hapo ndipo penye shida, maana mchoraji hakuandika kichwa cha habari. Maelezo hayo ni ya Mary Leakey.

Huyu mama wengi tunamjua kwa fuvu la Zinjanthropus alilolipata Olduvai mwaka 1959, na kwa nyayo za Laetoli. Kisichosemwa sana ni kwamba alianza kama mchoraji. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa mandhari, na Mary mwenyewe aliingia kwenye akiolojia kwa kuchora picha za zana za mawe. Mwaka 1951 alikuja Kondoa na mumewe Louis, akanakili takriban picha 1,600. Kitabu chake kuhusu kazi hiyo kilitoka mwaka 1983.

Kwa hiyo wengi wetu hatujauona mchoro wa Kolo. Tumeona nakala ya Mary Leakey. Na nakala zake ni nzuri, tusimnyime haki yake: mstari umetulia, kila umbo linasomeka, na kwa kuwa jua, maji na vumbi vinaendelea kuila michoro ya mwambani, nyingine zimebaki kuwa ushahidi wetu bora. Lakini kunakili ni kuchagua. Kwenye mwamba kuna nyufa, madoa, na picha zilizopandiana kama matangazo ukutani. Kwenye karatasi nyeupe watu watano wanasimama peke yao, kama waigizaji jukwaani, nawe unaanza kutafuta tamthilia.

Je, sayansi inaweza kutuamulia? Kwa sehemu tu. Ikiwa picha nyeupe imelala juu ya nyekundu, basi nyeupe ilikuja baadaye. Hilo halina ubishi, na Kondoa linaonekana mara nyingi. Kupata miaka yenyewe ndiyo kazi. Wekundu wa aina hii hutokana na madini ya chuma, yaani udongo mwekundu uliosagwa. Kipimo cha kaboni, kama jina linavyosema, kinahitaji kaboni iliyotoka kwenye kitu kilichowahi kuwa hai, na chuma hakikuwahi kuwa hai. Labda rangi iwe ilichanganywa na mafuta au utomvu, na mabaki yake yawepo bado. Ndiyo maana ukisikia mtu anakutajia umri wa michoro hii kwa uhakika wote, muulize kapima nini.

Kuna njia nyingine: kuwauliza majirani. Miaka ya 1960 Eric ten Raa aliishi na Wasandawe, ambao nchi yao iko upande wa magharibi wa Kondoa. Aliihusisha michoro ya miambani na maisha yao, ikiwemo simbó, ngoma ambayo mchezaji hupandwa na nguvu na kuwa kama simba. Ukiutazama mchoro wetu kwa jicho hilo, mambo yanageuka. Mtu wa katikati huenda amezidiwa na ngoma, na wanaomshika wanamtegemeza asianguke. Urefu wa miili unaweza kuwa namna ya kuonyesha hali anayoisikia mtu mwilini mwake.

Binafsi naona maelezo haya yana nguvu kuliko yale ya utekaji, kwa sababu yanaanzia kwa watu wa hapa. Ila nayo yana udhaifu: ngoma ya miaka ya 1960 haithibitishi alichokifikiria mchoraji wa zamani tusiyeijua. Tukiifanya simbó kuwa jibu la kila mchoro, tutakuwa tumebadilisha jina tu, macho yamebaki yamefumba.

Wewe uliyekulia Hanang au Mbulu una faida. Umezungukwa na Wairaqw, Wadatoga, Wanyaturu, na Wahadzabe hawako mbali. Lugha za familia tofauti kabisa ndani ya eneo moja. Umeshaona kwamba kitendo kile kile kwa jirani kina maana nyingine. Mwanamke aliyeshikwa mikono anaweza kuwa anatekwa, anachezeshwa, anauguzwa au anaozwa. Mchoro unatuonyesha mikono. Sababu ya kushikana tumeiongeza sisi.

Basi siku ukifika Kolo, mwombe anayekuongoza akupe dakika tano za kimya kabla hajataja jina la picha. Usiiguse, wala usiimwagie maji ili ing'ae kwenye simu, unaiharibu. Tazama tu mstari: mwembamba, haujatetereka, juu ya jiwe lenye mikwaruzo. Maisha ya aliyeuchora hatuna. Mkono wake tunao, na mkono huo ulikuwa unajua unachofanya.