Mkono Unaosimamisha Saa

Kwenye mnada wa samaki wa Sydney bei haipandi, inashuka. Wanunuzi hutazama saa kubwa za kielektroniki. Zamu ya tenga ikifika, bei huanzia dola chache juu ya ile inayotarajiwa, kisha huanza kuteremka. Wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye mwenye samaki. Utaratibu huu uliigwa kwa wauza maua wa Uholanzi na ulianza kwenye soko hilo, ufukweni mwa Blackwattle Bay, mwaka 1989. Kabla ya hapo madalali walinadi kwa sauti, kama wanavyonadi wenzao wa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam.

Aliyezoea Feri anaweza kuudharau mnada usio na kelele. Dalali wetu ana ulimi, na kwa mzaha mmoja tu humpandisha mnunuzi bei asiyoikusudia. Saa haina mzaha. Lakini kwa kuwa hakuna wa kumsemea samaki, inabidi samaki ajisemee mwenyewe. Wanunuzi huwahi sakafuni kabla ya mnada kufunguliwa saa 11 na nusu alfajiri. Wanafunua matamvua, wanatazama macho, wanabonyeza mgongo kwa kidole kuona kama nyama inarudi. Kila tenga lina kibandiko kinachoonyesha limetoka kwa nani. Mnada ukianza wanajua tayari ni tenga lipi wasingependa jirani alibonyeze kwanza, na hofu hiyo ndiyo inayosimamisha saa ikiwa bado juu.

Kwa mvuvi wa kisiwa cha mbali, mnada kama huu una maana kubwa. Chukua visiwa vya Torres Strait, kaskazini kabisa mwa Australia, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka Sydney. Visiwa ni zaidi ya 200, vinavyokaliwa ni kama 17 tu. Ndiko alikotoka Eddie Mabo wa kisiwa cha Mer, ambaye kesi yake iliilazimisha mahakama kuu ya Australia mwaka 1992 kutambua kwamba wenyeji walikuwa na haki ya ardhi yao kabla Mwingereza hajafika. Mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo ikasema haki ya wenyeji wa visiwa hivyo juu ya bahari ni pamoja na kuvua ili kuuza. Haki wanayo, basi. Soko ndilo liko mbali.

Samaki wao mkubwa wa biashara ni nguru, yule yule tunayemjua Mafia na Lamu. Wanamvua kama sisi, kwa mshipi unaokokotwa nyuma ya mashua ndogo. Tofauti inaanza samaki akishafika juu. Nguru anayeachwa apigepige sakafuni mwa mashua huchubuka nyama na kupanda joto mwilini. Akikaa juani, nyama yake hujenga histamini, sumu isiyoondoka hata ukimpika vipi. Kwa hiyo mvuvi hodari humtuliza papo hapo, humkata matamvuani damu itoke, kisha humzamisha kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari, kwa sababu mchanganyiko huo unamkumbatia samaki mzima na kumpoza haraka kuliko mabonge makavu. Wajapani wameongeza kumchoma ubongoni kwa chuma chenye ncha, ili kukomesha kupapatika, na maarifa hayo yameenea kwa wavuvi wengi wa Australia. Wengi wa nguru wa Torres Strait hukatwa minofu na kugandishwa kule kule baharini, na huko pia kisu kikikosea kidogo, mfupa huondoka na pesa.

Kazi yote hii haizidi dakika chache kwa samaki mmoja, na hakuna anayeitazama. Ninaiheshimu kwa sababu hiyo hasa. Mtu aliye peke yake kwenye mashua, jua kali, samaki wengine wanauma, anaacha kuvua ili amshughulikie aliyekwisha kumpata. Mwenye haraka angepata nguru wawili zaidi. Anayejua mnada unakoishia hufanya hesabu nyingine.

Kwetu mnyororo huo wa kutoka mashua hadi mnada unakatika mahali pamoja. Barafu ipo, walau siku nyingine, na mikono mizuri ipo, Kilindoni kule Mafia na Kizingitini kule Lamu. Lakini samaki wa aliyemtunza na wa aliyemwacha juani wakifika mnadani humwagwa fungu moja na kunadiwa bei moja, na mtunzaji anajifunza kwamba amepoteza muda wake. Saa za kielektroniki si lazima. Wasimamizi wa Feri waanze na kitu rahisi: kibandiko chenye jina la mvuvi kwenye kila tenga, na mnunuzi aruhusiwe kufunua matamvua kabla dalali hajafungua kinywa.