Jina la Kanga na Kazi za Lubaina Himid

Wanafunzi wengi, hata baadhi ya wahadhiri, huyaita maandishi ya kanga methali, msemo au kaulimbiu. Wenye kanga zao wana neno lao: jina. Kanga ina pindo, mji na jina, basi. Leo nataka kulitumia neno hilo kuzipima kazi za Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja (1954) na mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Turner Prize ya Uingereza, mwaka 2017.

Himid alipelekwa Uingereza akiwa mtoto mchanga, baada ya kufiwa na babake. Mamake alikuwa mbunifu wa vitambaa, na kitambaa hakijamtoka binti mkononi. Katika Freedom and Change (1984) alichora juu ya shuka la kitanda: aliwachukua wanawake wawili wa Picasso wanaokimbia ufukweni, akawafanya weusi. Baadaye alibuni kanga zake mwenyewe. Pindo lipo, mji upo, maandishi yapo, ila ni ya Kiingereza.

Kanga hizo zinapendeza, lakini naona zimepungukiwa. Hapa Mjambere mama hanunui kanga kwa rangi tu. Husoma jina kwanza. Akitaka kumjibu jirani, hujifunga "Hasidi hana sababu", akampitia mlangoni kwake taratibu. Hajatamka neno! Ukimuuliza, atakwambia ati ni nguo tu. Jina hufanya kazi kwa kuwa kuna mvaaji, kuna mlengwa, na kuna nafasi ya kukana. Kanga ikitundikwa kama bendera katika jumba la sanaa, inasema na kila mtu, yaani haisemi na mtu.

Kwa maoni yangu, kanga kamili ya Himid imo katika kazi isiyo na kanga: Naming the Money (2004). Hizi ni sanamu 100 bapa za mbao, zenye kimo cha binadamu, za Waafrika waliotumikishwa na wakwasi wa Ulaya: wapiga ngoma, washona viatu, waganga wa mitishamba, wafunza mbwa. Mbele wamevalia wakavalika. Mgongoni kila mmoja amebandikwa karatasi ya hesabu yenye maneno machache: jina lake la kwao, jina alilopachikwa, kazi aliyoijua na kazi anayofanyishwa sasa.

Hebu tazama. Mbele unaona mapambo. Jina unalisoma mtu akishakupa mgongo. Si ndivyo tunavyosoma kanga? Mvaaji yupo, na mlengwa yupo: yule bwana aliyemnunua. Karatasi ya kuhesabia mali ndiyo hiyo hiyo mtumwa anayoisemea, na bwana hawezi kumshika kwa neno.

Wahakiki wanaomwandikia Himid kwa Kiingereza hawana neno moja linalobeba haya yote. Sisi tunalo. Tukizidi kuliita jina "kaulimbiu", tutabaki kusubiri wengine watueleze kazi ya binti wa Unguja.