Curry, Thabeet na vipimo vya drafti ya NBA ya 2009

Mlinzi wa mpira wa kikapu anayetoka chuo kikuu kwenda ligi ya kulipwa hupimwa kwa mitupo yake, maamuzi yake anapobanwa, ukabaji wake na mwili wake. Maskauti wengi huanza na mwili, kwa sababu unaonekana mara moja na hupimwa kwa futi ya kawaida. Drafti ya NBA ya Juni 25, 2009, ambapo klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, ilionyesha hasara ya kuanzia hapo, na kwa Watanzania ina uzito wa pekee. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichukuliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Stephen Curry, mlinzi wa chuo kidogo cha Davidson, alisubiri hadi nafasi ya 7, alipochukuliwa na Golden State Warriors.

Msimu wa 2008–09 Curry aliongoza vyuo vyote vya daraja la kwanza Marekani kwa kufunga, wastani wa pointi 28.6 kwa mchezo. Wastani huo peke yake hausemi mengi. Davidson ilikuwa katika kundi la vyuo vidogo, na mfungaji hodari hujinufaisha kirahisi kwa wakabaji dhaifu. Kwa hiyo mchambuzi makini hutenga kwanza michezo dhidi ya vigogo. Katika mashindano ya kitaifa ya Machi 2008 Curry aliifunga Gonzaga pointi 40, Georgetown 30, Wisconsin 33 na Kansas 25. Kansas ilishinda 59–57, kisha ikatwaa ubingwa. Novemba mwaka huohuo aliifunga Oklahoma 44. Ni kama uchimbaji: anayetafuta dhahabu Bulyanhulu, jirani na Bugarama, hatangazi mgodi kwa shimo moja la sampuli. Hutazama kama mashimo yaliyochorongwa mbalimbali yanatoa jibu lilelile. Kwa Curry yalitoa.

Baada ya hapo huja mitupo, na hapa ndipo penye utajiri. Mtupo huru ni kipimo bora kuliko vingi: hauna mkabaji, na umbali wake ni uleule chuoni na NBA. Katika miaka 3 ya chuo Curry aliingiza karibu asilimia 88 ya mitupo huru. Mitupo ya pointi tatu ilihitaji kusomwa kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa kiwango chake kilishuka kutoka asilimia 43.9 hadi 38.7 katika msimu wa mwisho. Anayesoma jedwali tu angesema mkono umepoa. Lakini msimu huo mstari wa vyuo ulisogezwa nyuma, kutoka mita 6.02 hadi 6.32, na Curry mwenyewe alihama kutoka namba mbili, mlinzi mfungaji, kwenda namba moja, mchezeshaji, akawa anapanda na mpira huku akiandamwa na wakabaji wawili badala ya kupokea pasi akiwa huru. Kilichostahili kuangaliwa ni mahali aliposimama. Mitupo yake mingi ilitoka mbali nyuma ya mstari wa chuo, na mstari wa NBA uko mita 7.24 kutoka kikapuni, isipokuwa pembeni ambako ni karibu zaidi.

Kuhama namba ndiko kulikotoa ushahidi wa maamuzi. Jason Richards, mchezeshaji wa Davidson, alipohitimu mwaka 2008, asisti za Curry zilipanda kutoka 2.9 hadi 5.6 kwa mchezo, na mipira aliyopoteza kutoka 2.6 hadi 3.7. Kwa mtu anayejifunza kazi mpya, hiyo ni biashara yenye faida. Upo pia mchezo wa Novemba 25, 2008 dhidi ya Loyola ya Maryland, uliostahili kutazamwa upya na kila skauti. Loyola iliweka wachezaji wawili kumwandama Curry muda wote. Alisimama pembeni akiwavuta, akaacha wenzake wanne wacheze dhidi ya watatu. Alimaliza bila pointi. Davidson ilishinda kwa tofauti ya 30.

Mwili ndio uliomrudisha nyuma. Bila viatu alikuwa na takriban mita 1.88, mwembamba, na kwa ukabaji shaka ya maskauti ilikuwa ya haki. Minnesota ilikuwa na nafasi za 5 na 6, ikachukua walinzi wawili, Ricky Rubio na Jonny Flynn, ikamwacha Curry.

Vipimo hivyohivyo vingemsaidia Thabeet, ingawa alicheza namba tano, yaani senta. Akiwa na mita 2.21, msimu wake wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2. Ubora wake wa kulinda kikapu ulikuwa wa kweli. Lakini sheria ya vyuo inamruhusu mkabaji kukaa chini ya kikapu apendavyo. NBA humwadhibu akizidisha sekunde 3 bila kumkaba mtu. Alipokutana na DeJuan Blair wa Pittsburgh Februari 16, 2009, mchezaji mfupi kuliko yeye kwa zaidi ya sentimita 15 lakini mwenye nguvu, Blair alipata pointi 22 na ribaundi 23, Thabeet pointi 5 na ribaundi 4. Isitoshe, Thabeet alikuwa ameanza kikapu akiwa na miaka kama 15. Alihitaji klabu yenye subira. Nafasi ya pili haileti subira. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha alipelekwa ligi ya chini, na alicheza michezo 224 ya NBA hadi 2014.

Curry ana ubingwa mara 4, na Desemba 2021 alimpita Ray Allen kwa idadi ya mitupo ya pointi tatu iliyoingia katika historia ya NBA. Kocha wa sekondari wa Bugarama, Kahama au Geita anayemtafuta mlinzi hahitaji vifaa vya maskauti: aanze na daftari la mitupo huru na mipira inayopotea, kisha ndipo achukue futi.