Wauguzi wa Afya ya Akili Nyanda za Juu za Kigoma

Muuguzi wa afya ya akili ndiye nguzo ya huduma ya akili katika zahanati na hospitali za Kasulu na Kibondo. Daktari bingwa ni nadra kuonekana huku, hivyo muuguzi huyo ndiye anayempokea mgonjwa, kuzungumza na ndugu zake na kufuatilia dawa mwezi hadi mwezi. Wenye kifafa nao humjia yeye, kwa kuwa nchini Tanzania ugonjwa huo hutibiwa zaidi katika kliniki za akili. Mama wa Kiha aliyemficha mwanawe mwenye kifafa miaka mingi, kisha akamleta kliniki, ni ushahidi wa kazi inayostahili heshima kubwa.

Dhamana ya watumishi hawa imegawanyika. Wizara ya Afya hutunga sera na kusimamia mafunzo. Halmashauri, chini ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), huendesha zahanati na vituo vya afya. Hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1927, imekuwa shule kuu ya wauguzi wa fani hii. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inahusu haki na matibabu ya mgonjwa.

Mzigo wa muuguzi uliongezeka pale wakimbizi walipokuja: Wakongo kambini Nyarugusu tangu 1996, Warundi kambini Nduta mwaka 2015. Vita havimwachii mtu usingizi. Muuguzi anayesikiliza simulizi za vita hivyo kutwa huumia pia, kwa hiyo usimamizi wa karibu na mapumziko ni sehemu ya afya yake kazini, wala si upendeleo.