Miamba ya Ziwa Nyuma ya Kioo

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Anayetaka tangi la samaki lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 80 anaingiza nyumbani tani 2.4 za maji, kabla hajahesabu kioo, mchanga na mawe. Na maji hayo hayakai tu; yanasukuma. Kioo cha mbele peke yake kinabeba msukumo unaokaribia uzito wa tani moja, usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi, na kinachokizuia kisifunguke ni ukanda mwembamba wa gundi ya silikoni. Mimi huanza kumvulia kofia fundi wa matangi hapo, kabla sijaona samaki hata mmoja.

Matangi makubwa yanayosifiwa duniani kwa kawaida ni ya matumbawe: maji ya chumvi, taa kali za buluu, samaki wa rangi kutoka Bahari ya Hindi na Pasifiki. Hata hapa Muhuru Bay, pembeni kabisa mwa Kaunti ya Migori, mpakani na Tanzania, tangi la namna hiyo linaweza kujengwa. Ukitia gramu 35 za chumvi kwa kila lita, tangi letu linakula kilo 84 kabla tumbawe la kwanza halijalowa, kisha unakuwa mtumwa wa kupima kalsiamu na magnesiamu kila juma. Wako watu Chicago, walio mbali na bahari kuliko Muhuru, wanaoifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa, na sina neno nao. Lakini aliyekulia kando ya Ziwa Victoria ana miamba yake. Ukiteremka na ufuo kuelekea kusini, ukapita Shirati na Musoma hadi Mwanza, penye mawe majini pana furu, na tangi la furu ndilo nililokusudia kulisifu.

Furu, ambao Waluo huwaita fulu, ni samaki wadogo. Wengi wao hawapiti urefu wa kiganja. Ziwa hili linakadiriwa kuwa lilikuwa na spishi zao zipatazo 500, karibu zote hazipatikani kwingine. Kinachowaduwaza wanabiolojia ni umri wa ziwa lenyewe. Tope la chini ya ziwa linaonyesha kwamba lilikauka na kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, maana yake wakwangua mwani, wavunja konokono, wala samaki na wale wanaopora watoto kutoka vinywani mwa mama zao wamepata sura zao za leo katika muda ambao kwa viumbe wengine ni kufumba na kufumbua. Katika uchunguzi wa nyavu za kukokota wa miaka ya 1969 hadi 1971, zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa ulikuwa furu.

Kisha akaja mbuta, yule sangara mkubwa anayekula furu. Alitiwa ziwani na mikono ya watu kuanzia miaka ya 1950, akatulia kidogo, halafu katika miaka ya 1980 akafurika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa wameanza kazi katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, wakikusudia kuwaorodhesha furu na vyakula vyao. Baada ya miaka kumi walijikuta wanaandika tanzia. Spishi zipatazo 200 zinadhaniwa kutoweka. Kosa halikuwa la mbuta peke yake, maana maji nayo yalikuwa yakichafuka kwa mbolea na udongo wa mashambani, lakini yeye ndiye aliyefunga hesabu. Kenya na Uganda zimevutana kwa miaka mingi juu ya Migingo, mwamba wa nusu eka hivi unaofikiwa kwa boti kutoka Muhuru, kwa ajili ya mbuta huyo huyo. Kwa ajili ya furu hakuna serikali iliyowahi hata kununa.

Baadhi ya furu walinusurika ndani ya vioo. Watafiti wa Leiden walikuwa wamewapeleka hai Uholanzi kwa ajili ya masomo. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanabiolojia Les Kaufman, aliyekuwa katika New England Aquarium mjini Boston, alisaidia kuanzisha mpango wa kuwazalisha katika matangi ya umma ya Marekani. Kutoka huko samaki wakafika sebuleni na katika vyumba vya chini vya watu wa kawaida: walimu, mafundi magari, wastaafu. Hata leo ziko nasaba za furu wa ziwa letu zinazotegemea mtu fulani asiyejulikana, huko Ulaya au Amerika, akumbuke kubadilisha maji Jumamosi. Hilo linaniudhi kidogo, kwamba ustadi wa kuwatunza samaki wa hapa umekomaa kwingine. Hata hivyo linanifanya niutazame ustadi huo kwa makini.

Tuanze na kioo. Kwa kimo cha sentimita 80 fundi hataki kusikia kitu chini ya milimita 15, na wengi huenda hadi 19. Kinachoamua unene ni kimo kwanza: maji ya sentimita 80 yanakandamiza kitako cha tangi kwa kiwango kile kile liwe dogo au kubwa, ila urefu wa kioo ndio unaoongeza kupinda. Silikoni nayo haichukuliwi tu dukani. Ile ya bafuni mara nyingi imetiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo huua samaki. Inayofaa ni ile tupu, inayonuka siki wakati wa kukauka. Akishaunganisha, fundi mzuri haigusi kazi kwa wiki nzima au zaidi. Stendi anaweza kuichomelea fundi yeyote wa jua kali anayejua vyuma vyake, mradi sehemu ya juu iwe sawasawa kabisa, kwa sababu kioo hakijui kujikunja kama ubao. Kijiwe kimoja kilichosahauliwa chini ya kitako kinatosha kukipasua. Kwa hiyo hutandikwa sponji ngumu au styrofoam chini yake, ijitolee mhanga kwa niaba ya kioo.

Baada ya hapo ni mawe, na hapa ndipo macho yangu hukaa. Furu wa miambani wanataka mianya: ya dume kutawala, ya jike kujificha, ya watoto kupotelea. Mwamba wa tangini lazima uwe na matundu mengi na bado usimame bila saruji. Aliyewahi kutembelea Thimlich Ohinga, katika kaunti hii hii ya Migori, boma la mawe lililoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018, ameshaona siri hiyo kwa ukubwa wake: jiwe linashikwa na jirani zake, na uzito wa kila moja unaelekezwa ndani. Ndani ya kioo iko kanuni moja zaidi. Mawe hupangwa kwanza, juu ya kitako kilichotandikwa wavu wa plastiki, na mchanga humwagwa baadaye kuyazunguka. Furu ni wachimbaji. Ukitanguliza mchanga, watauondoa chini ya mawe mdomo kwa mdomo, na siku moja ukuta mzima utalalia kioo.

Tangi limejaa, taa inawaka, maji yanang'aa, na bado hakuna samaki. Mfugaji anayejua kazi husubiri wiki nne, sita, wakati mwingine zaidi. Anachosubiri hakionekani kwa macho. Samaki na uchafu wao hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa haijarundikana. Bakteria hao huota taratibu juu ya sponji za chujio, juu ya mawe, juu ya kila kitu. Mfugaji huwalisha amonia kidogo kidogo na kupima kila siku, akiandika. Maji ya ziwa letu huwa na pH inayofika 8 na kupita, na samaki wake wamezoea hivyo, lakini kwa pH hiyo sehemu ya amonia inayoua huwa karibu mara kumi ya ile ya pH 7. Kwa hiyo mwenye tangi la furu hana nafasi ya kubahatisha. Wanaoshindwa kazi hii hushindwa zaidi hapa, kwa haraka ya kuona kitu kinaogelea.

Kutoka hapo kazi inakuwa ya kurudia. Robo ya maji hutolewa kila wiki na mengine kuingizwa, yakiwa yameondolewa klorini kama ni ya bomba, kwa sababu klorini haiwabagui bakteria wazuri na wabaya. Sponji za chujio husuuzwa ndani ya maji yaliyotolewa tangini, kamwe si ya bomba. Chakula hupimwa kwa ubahili: wakwangua mwani wana utumbo mrefu, na ukiwashindilia nyama wanavimba tumbo na kufa. Ochong'a, wale kamba wadogo wa ziwani, wanafaa kwa kiasi. Joto la Muhuru ni zawadi. Maji yakikaa kati ya nyuzi 24 na 27 hakuna haja ya hita, wakati mfugaji wa Berlin analilipia kila nyuzi. Adhabu ya huku ni stima. Ikipotea kwa saa chache pampu zinanyamaza, hewa inapungua majini, na bakteria wa chujio nao wanaanza kufa. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, ambayo haimpendezi mgeni yeyote anayekuja kutazama, ndiyo kifaa ninachokiulizia kwanza nikitaka kujua kama mwenye tangi ni mfugaji kweli.

Halafu siku moja jike anaacha kula. Koo lake limetuna. Furu wa Victoria huatamia mdomoni: jike hutaga mayai machache, huyaokota mara moja, kisha huyafuata madoa ya manjano yaliyo kwenye pezi la chini la dume, yanayofanana kabisa na mayai. Anapoyadonoa akidhani ni yake, anameza mbegu za dume, na mayai yaliyomo mdomoni yanarutubishwa. Kwa wiki mbili na nusu hadi tatu hali chochote. Mfugaji asiye na subira humkamata na kuyatoa mayai. Aliyetulia humwachia mianya ya mawe aliyomjengea, asimsumbue kwa taa wala kwa wavu.

Kinachonivutia kuliko vyote ni suala la rangi. Dume wa Pundamilia nyererei, samaki aliyepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere katika maelezo ya kitaalamu ya mwaka 1985, ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye milia myeusi. Ndugu yake Pundamilia pundamilia ana rangi ya kijivu cha bluu. Majike wao ni vigumu mtu kuwatofautisha. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997, katika jarida la Science, kwamba jike huchagua dume kwa rangi, na kwamba pale maji ya ziwa yalipotibuka, spishi zilianza kuchanganyika kwa kuwa majike hawakuona tena vizuri. Katika tangi hatari ni ile ile. Taa yenye mwanga wa rangi moja, jike aliyekosa dume wa aina yake, spishi mbili zinazofanana chumba kimoja: ndani ya vizazi viwili unabaki na samaki wazuri wasio na ukoo.

Kwa hiyo fundi aliyekomaa hujinyima. Ana tani 2.4 za maji na uwezo wa kuweka aina kumi, anaweka moja au mbili zisizoshabihiana hata kidogo. Anaweka majike wengi kwa kila dume, ili hasira ya dume isimwangukie mmoja. Wageni humwuliza mbona tangi kubwa hivi lina samaki wa namna moja tu. Hilo ndilo jambo gumu kuliko kubeba kioo, na kwangu ndicho kipimo cha ustadi wenyewe.

Ukitaka kuanza hapa Nyatike au kule Homa Bay, omba kwanza ruhusa ya idara ya uvuvi na uwaone wasimamizi wa ufuo wako, wale wa BMU, kabla ya kumtoa samaki mwambani. Andika katika daftari jina la mahali alipovuliwa na tarehe, maana furu asiyejulikana kwao hamsaidii mtu anayejaribu kuokoa spishi. Na tangi likikuchosha, mpe samaki wako mfugaji mwingine. Usimrudishe ziwani, hata kama ulimtoa huko huko: huenda amechanganya ukoo au amebeba ugonjwa, na mbuta naye alitiwa na watu waliodhani wanafanya jambo jema.