Bembea na Chipsi

Baa ya familia, katika barabara ya Bukoba hadi Muleba, unaijua kwa bembea. Watoto wanabembea, wazazi wanakunywa bia, chakula kinachukua saa nzima. Sina ugomvi na saa hiyo. Sato wa Ziwa Victoria anastahili kusubiriwa. Ugomvi wangu ni sahani ya mtoto: chipsi. Migomba imeuzunguka uzio, mikungu inaning'inia hatua chache kutoka jikoni, lakini ndizi za kupika eti mpaka uagize mapema. Rubisi, pombe ya ndizi na mtama, haimo kabisa. Imeachiwa vilabu, ambako wazazi hawaendi na watoto. Basi mtoto wa Kihaya anajifunza kwamba kutoka na familia ni kula viazi, na ndizi ni chakula cha siku pesa hakuna. Bembea, lakini, ni imara.